Kidonge cha Saa Tatu Usiku

Swali lilitokea kwenye jumuiya, Jumatano jioni, hapa Maisaka. Tulikuwa tumemaliza kusoma Neno na chai ilikuwa haijamiminwa bado. Mama mmoja akauliza, kwa sauti ya mtu aliyebeba jambo siku nyingi: mtoto ambaye Bwana amemponya, na usharika mzima umesikia ushuhuda wake, bado anaambiwa ameze kidonge kila siku cha kuzuia ugonjwa ambao hana. Je, huko si kuutilia shaka uponyaji?

Sote tulijua anamsema nani. Mzee mmoja kati yetu alijibu upesi. Alisema mwenye imani haweki akiba ya mashaka. Maneno yalipendeza masikioni, na wengi wetu tuliitikia amina. Chai ikamiminwa, tukaongea habari za mahindi na za mvua, tukaagana. Binti hakuwepo jioni ile, lakini jibu letu lilimfikia, na kesho yake aliacha kumeza dawa.

Tumeombwa kuandika juu ya imani katika maisha ya kila siku. Tumeona tuandike juu ya jambo hili, kwa kuwa tulikosea ndani yake zaidi ya mara moja, na kwa kuwa hatujamaliza kulifikiri. Majina hatutaji. Wanaohusika wameusoma ukurasa huu kabla yenu na wameturuhusu.

Binti huyu alizaliwa mwaka 2011 akiwa na selimundu. Walio na mtoto wa namna hiyo hawahitaji kuelezwa. Wasio naye wanaweza kufikiri juu ya chembe za damu zinazojikunja kama mundu, zikakwama katika mishipa, na mtoto akalia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa. Hukadiriwa kwamba katika nchi yetu watoto wapatao 11,000 huzaliwa na hali hii kila mwaka. Kwa miaka mingi tulichojua sisi ni kuombea, kuongeza damu na kuzika. Aliyekuwa na fedha nyingi alisikia habari za India. Kisha mwaka 2021 Muhimbili, kule Mloganzila, walianza kupandikiza uloto kwa wagonjwa wa saratani za damu, na mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikaanza kuwapandikiza watoto wenye selimundu. Dodoma si India. Kutoka hapa ni lami ya kilomita 251, unapita Bonga na Kondoa, na ukiondoka na basi la asubuhi unafika mchana.

Uloto, ambao wengine huuita uboho, ni ile sehemu laini ndani ya mfupa inayotengeneza damu. Madaktari humpa mgonjwa dawa kali za kuuondoa uloto wake, kisha humpa wa ndugu yake, nao hupenya wenyewe hadi ndani ya mifupa na kuanza kutengeneza damu mpya. Tulipoelezwa hivyo mara ya kwanza, wengine tulikumbuka Walawi sura ya 17, kwamba uhai wa mwili umo katika damu, tukanyamaza. Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kufanana na mgonjwa. Binti huyu ana ndugu watatu. Aliyefanana naye ni mmoja tu, kaka yake mkubwa, aliyezaliwa mwaka 1999.

Usharika ulichanga. Baada ya ibada tulifanya mnada kama kawaida yetu, na jogoo mmoja aliuzwa mara tano kwa sababu kila aliyemnunua alimrudisha mezani. Siku ya safari ikapangwa. Halafu familia ikasema safari imeahirishwa, kwa miezi kadhaa, na sababu haikutolewa.

Hapo ndipo tulipokosea mara ya kwanza. Mtu aliyechanga huhisi kwamba amenunua haki ya kujua. Maswali yalianza kwa upole na kuishia kwa ukali, hadi mmoja wa jamaa akasema mahali asipopaswa: kaka wa binti amepimwa na amekutwa na virusi vya homa ya ini aina ya B. Kijana huyu alikuwa ametembea na malori miaka kadhaa akiwa utingo, Arusha, Singida, mpaka Tunduma. Kwa hiyo kila mtu alikuwa na hadithi yake tayari. Walitumwa watu wawili wakamwone, si kumfariji bali kumtaka atubu, ili damu atakayompa mdogo wake iwe safi. Tunaandika hivi kwa aibu. Tena mtu mmoja aliuliza, katika kikao, kama Jumapili ya Chakula cha Bwana hatakiwi kupewa kikombe chake peke yake.

Kijana aliwapokea wale wawili vizuri. Aliwaamkia shikamoo, akawapa viti, akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wazee wangu, mimi sijui nilipoupata. Daktari naye hajui. Ila amenieleza hesabu, naomba niwaeleze."

Hesabu ni hii, na tuliuliza baadaye kwa mtu wa afya tukakuta ni kweli. Mtoto mchanga anayepata virusi hivi kwa mama yake wakati wa kuzaliwa, kama hakukingwa, hubaki navyo maisha yake yote katika mara tisa kati ya kumi. Mtu mzima anayevipata, mwili wake huvishinda karibu kila mara. Wanaobaki navyo hawafiki watano katika mia. Maana yake ni kwamba ukimwona mtu mzima anayeishi na virusi hivi, kuna uwezekano mkubwa kwamba alivipata akiwa mgongoni mwa mama yake, au akiwa mtoto wa miaka miwili mitatu akicheza na wenzake wenye vidonda, au kwa wembe mmoja uliowanyoa watoto wa boma zima. Virusi hivi hukaa juu ya kitu kikavu siku saba au zaidi na bado vina nguvu. Lakini havipiti katika kikombe wala sahani wala kushikana mikono. Kikombe cha Bwana hakikuwa na hatari yoyote, isipokuwa kwetu sisi tuliotaka kumnyima.

Chanjo ya ugonjwa huu iliingizwa katika chanjo za watoto wachanga hapa Tanzania mwaka 2002. Yeye alikuwa na miaka mitatu. Mdogo wake alipozaliwa, aliipata kliniki akiwa bado mchanga.

Wanafunzi wa Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Sura ya tisa ya Yohana tunaijua, tumeihubiri. Hata hivyo tulilirudia swali lile lile bila kulitambua, kwa sababu safari hii halikuvaa nguo za Kibiblia. Na hapa tuseme jambo ambalo baadhi yetu tunaliona zito kuliko hesabu: hata kama kijana angekuwa ameupata katika safari zake, kwa njia tuliyoiwazia, haja ya mdogo wake kupona isingepungua na zawadi yake isingekuwa na thamani ndogo. Hesabu ilitusaidia kuacha kumsingizia. Ingekuwa vibaya kama tungehitaji hesabu ndipo tumpende.

Lakini neno likiondoka kwa mmoja hutafuta pa kutua. Mama wa watoto hawa, aliposikia kwamba ugonjwa huu hutoka kwa mama wakati wa kuzaa, alikwenda kupimwa, na akakutwa nao. Alikuwa hajaumwa hata siku moja. Aliacha kuja jumuiya. Alipotembelewa alisema, "Mmoja nilimpa selimundu, mwingine nikampa ini. Mimi ni mama wa namna gani?"

Tulikaa naye jioni nzima na hatukuwa na maneno. Baadaye, tukirudi kwa miguu, tulijaribu kutenganisha vitu viwili ambavyo lugha yetu huviweka karibu mno: kuwa chanzo cha jambo, na kuwa na hatia ya jambo. Mto ni chanzo cha mafuriko, wala hauna hatia. Mama ndiye chanzo, na hakujua, na wakati ule hapakuwa na chanjo ambayo angeweza kuikataa au kuikubali. Selimundu nayo huhitaji urithi wa baba na mama, wote wawili, nao kwa kawaida hawana habari. Mtu anaweza kuhuzunika kwa kuwa chanzo. Huzuni hiyo ni halali na usimnyang'anye. Tulichoona hastahili kuibeba ni hatia. Hatudai kwamba maneno haya yalimfuta machozi. Alirudi jumuiya baada ya mwezi, akaketi mahali pake, akaanzisha wimbo.

Turudi kwenye uloto. Ndugu pekee aliyefaa ana virusi ndani ya ini, na virusi hivi vina tabia ya mbegu. Vikishaingia katika chembe za ini huficha humo nakala yao, na dawa tulizo nazo huvifanya vilale lakini haziing'oi nakala hiyo. Mwili wenye kinga imara huweza kuviweka chini miaka mingi. Ila mtu aliyepandikizwa uloto, kinga yake imefutwa kwa makusudi. Vikimwingia wakati huo, au vikiwa vimelala ndani yake tangu zamani, vinaweza kuamka na kuliharibu ini kwa majuma machache, hata kumwua mtu ambaye amekwisha kuvuka hatari zote za damu. Tena vinaweza kuamka baada ya mwaka au zaidi, wakati ambapo kila mtu amekwisha kushangilia. Ndiyo maana kabla ya upandikizaji hupimwa wote wawili, anayetoa na anayepokea. Na hutazamwa si virusi vilivyopo leo tu bali hata alama za virusi vilivyopita.

Je, ni halali kumpa mtoto zawadi yenye hatari ndani yake? Kwa muda swali hili lilitugawa. Wengine walisema bora kusubiri mtoaji mwingine. Lakini mwingine hayupo, na kusubiri kwenyewe si mahali salama. Mtoto wa selimundu anaweza kupata kiharusi akiwa anasubiri. Madaktari hawakuahidi kuiondoa hatari yote. Walisema wataipunguza. Kaka alipewa dawa ya tenofoviri ameze kila siku mpaka virusi visionekane tena katika damu yake. Binti alichomwa chanjo upya na kupimwa kama mwili wake umejenga kingamwili za kutosha. Na baada ya kupandikizwa, pamoja na dawa zake nyingine, naye angemeza dawa ya kuvizuia virusi kila siku, kwa muda ambao wao wangeuamua, nao si mfupi. Miezi ile ya kuahirishwa tuliyoilalamikia ilikuwa miezi ya kumwekea mtoto ukuta.

Kijana alikuwa na hofu yake mwenyewe. Alimwambia mmoja wetu kwamba haogopi kuchomwa sindano kwenye nyonga, anaogopa mdogo wake asije akafa kwa kitu kilichotoka kwake. Alitoa hata hivyo. Katika mahubiri yote ya kujitoa tuliyosikia, mara nyingi anayetoa hutoa kilicho safi, mwana-kondoo asiye na ila. Huyu alitoa alichokuwa nacho, chenye ila, akaishughulikia ila hiyo kila siku kwa kidonge ili isimdhuru anayepokea. Hatujui kama Mambo ya Walawi yana sadaka ya namna hiyo. Sisi tumeiona hapa Maisaka.

Upandikizaji ulifanyika na ukashika. Binti alirudi kwa tahadhari nyingi, na alipoimarika alitoa ushuhuda, na watu walilia. Halafu kukawa na jambo lililotuchekesha kidogo. Dawa zile kali hufuta kumbukumbu ya chanjo za utotoni, kwa hiyo aliyepandikizwa huchanjwa tena kama aliyezaliwa jana. Binti wa kidato cha kwanza akapanga foleni kliniki na akina mama wenye vichanga, mmoja akamwuliza mtoto wake yuko wapi. Alijibu, "Mtoto ni mimi." Mwinjilisti wetu alisema Nikodemo angeelewa zaidi kama angeletwa kliniki.

Kisha ikaja ile Jumatano, na jibu letu zuri.

Hatutaki kumfanya mzee yule mjinga. Alikuwa na sababu. Amewaona watu wanaobeba mfuko wa dawa kama hirizi, ambao hawamwombi Mungu mpaka famasi imefungwa. Na kuna jambo jingine ambalo halikusemwa wazi: tenofoviri ni mojawapo ya dawa wanazomeza pia watu wenye virusi vya Ukimwi. Jirani mmoja aliiona chupa, akajua jina lake, akahitimisha. Binti alikuwa na umri ambao jicho la jirani huchoma kuliko sindano. Jibu letu lilimpa njia ya heshima ya kuificha chupa. Alidhani anaacha kwa imani. Labda aliacha kwa aibu, na imani ikawa kanga ya kuifunika.

Aliyegundua ni kaka yake. Wana desturi: yeye humeza chake saa tatu usiku popote alipo barabarani, na humpigia simu mdogo wake wameze pamoja. Kwa majuma matatu binti alipokea simu na kusema "tayari," bila kumeza. Usiku mmoja alisema haraka mno. Kaka akauliza rangi ya kifuniko cha chupa mpya, kwa kuwa alijua siku ile alipaswa kuwa ameanza nyingine. Binti akanyamaza kwenye simu. Kijana aliomba ruhusa kwa mwenye lori, akapanda basi usiku ule ule.

Walikwenda hospitali. Vipimo vya ini vilikuwa vimeanza kupanda. Dawa ikaanzishwa tena, na anapimwa mara kwa mara.

Tulipokutana tena tulifungua Luka 17, wale kumi wenye ukoma. Sisi humsifu yule mmoja aliyerudi kushukuru, na ni haki. Lakini hatukuwahi kukaa juu ya agizo lililotangulia: waende wakajionyeshe kwa makuhani. Na ukifungua Walawi 14 unaona kujionyesha huko kulikuwaje. Aliyepona hukaguliwa nje ya kambi, huoga, hunyoa, hukaa siku saba nje ya hema yake, hunyoa na kuoga tena. Hakuna aliyemwambia kwamba kukaguliwa ni kumdharau Mungu aliyemponya. Na Nehemia, watu walipotishwa kuushambulia ukuta, aliomba pamoja nao kisha akaweka walinzi mchana na usiku. Mambo hayo mawili yamo katika mstari mmoja. Mlinzi aliyesimama usiku kucha na adui asije hakuonekana mpumbavu asubuhi.

Hata hivyo mmoja wetu hakuridhika, na tunaona haki aandikwe. Alisema Nehemia alimwona adui. Binti anaambiwa ameze kwa ajili ya adui asiyemwona wala asiyemhisi, na kumtii daktari kwa jambo lisiloonekana ni imani pia. Kwa nini imani hiyo iitwe busara na ile ya mzee iitwe kosa? Tulimjibu kwamba daktari huonyesha kipimo, na hukubali kusahihishwa na kipimo kikibadilika. Mzee hakuwa ameomba kipimo chochote. Alitikisa kichwa, si kwa kukubali kabisa. Tuliachia hapo.

Juu ya siri pia hatujaafikiana. Kwamba mchango haununui habari za ini la mtu, hilo tumelikubali wote, na mhasibu ameandika katika daftari la kamati kwamba fedha za wagonjwa hutolewa bila masimulizi. Lakini je, wanaolala nyumba moja na mwenye virusi? Hao wanaweza kupimwa na kuchanjwa, na kuwanyima habari ni kuwanyima kinga. Wengine wetu husema mwenye ugonjwa ana wajibu wa kuwaambia watu wa nyumba yake, na kanisa lina wajibu wa kufanya kusema kuwe kwepesi. Wengine wanasema sehemu ya pili ya sentensi hiyo ikitimizwa, ya kwanza haitahitaji kuitwa wajibu.

Julai, karibu na tarehe 28, siku ambayo dunia huikumbuka homa ya ini kwa kuwa ndiyo aliyozaliwa Baruch Blumberg, mgunduzi wa virusi hivi, mhudumu wa afya alialikwa baada ya ibada. Walioketi kumsikiliza walikuwa wengi kuliko waliokwenda kupimwa. Waliokwenda, baadhi walikutwa navyo, na hatutasema ni wangapi kwa kuwa usharika ni mdogo na watu wanajua kuhesabu.

Yule mzee aliyejibu upesi ni mmoja wetu tunaoandika haya. Alikwenda kumwomba radhi binti, nyumbani kwao, mbele ya mama yake. Binti alimwamkia, akamletea maji ya kunywa, akamwuliza kama yeye ameshapima. Hakuwa amepima. Alikwenda wiki iliyofuata, akakutwa hana, akaanza chanjo. Kadi yake ina tarehe mbili zilizotiwa mhuri. Ya tatu ni Januari, na binti amesema atamkumbusha kwa simu, saa tatu usiku.